SimPy kwa foleni za kituo cha afya, nimeitumia na haya ndo maoni yangu

Wadau wa afya na wa data, naileta SimPy hapa maana naona watu wanatafuta programu ya simulesheni (yaani kuigiza kazi ya kituo kwenye kompyuta) ya kupunguza foleni vituoni, wanaangalia bei za programu za kulipia kama Arena na Simul8 halafu wanakata tamaa. SimPy ni bure, ni maktaba ya Python (lugha ya kuandikia programu), yaani unaiongeza kwenye Python na kuitumia, ipo tangu 2002, leseni yake ni MIT, ya matumizi huru, kwahiyo hata halmashauri ikitaka kuitumia hailipi kitu wala haiombi ruhusa kwa mtu. Ni ndogo, haihitaji chochote zaidi ya Python yenyewe, ukishaiweka inafanya kazi bila bando na hata laptop ya zamani inaimudu. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Inavyofanya kazi ni hivi, unamwandikia mgonjwa safari yake: anafika mapokezi, anapimwa presha na uzito, anaingia kwa daktari, anaenda maabara, anarudi kwa daktari, anamalizia dirisha la dawa. Kila sehemu unasema wako wahudumu wangapi na wanatumia muda gani, basi inakuchezea siku nzima ya kituo ndani ya sekunde chache na unaona nani kasubiri wapi. Ukitaka kujua itakuwaje nesi mmoja akitoka mapokezi akaenda kwenye vipimo unabadilisha namba tu, hamna mgonjwa anayeteseka kwa ajili ya jaribio lako. Hata mtoto mwenye degedege anayetakiwa kupita mbele ya wote unaweza kumweka, kuna PriorityResource kwa kazi hiyo.

Sasa utamu wenyewe. Kwenye kituo nilichokifanyia kazi kila mtu alikuwa anasema daktari ni mmoja, tuombe mwingine. Na kweli anahitajika, ila modeli ikaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitaja: foleni ya mlangoni kwa daktari ni foleni mbili zimechanganyika, wa kwanza ndo wanaingia na wengine wanarudi na majibu, yaani mgonjwa mmoja wa homa anakula nafasi mbili. Kipimo cha haraka cha malaria kinasomwa baada ya dakika 15 hadi 20 hivi, sasa nikajaribu kwenye modeli nesi wa vipimo awapime kabisa wote wenye homa kabla hawajaingia, mgonjwa anaingia na majibu mkononi mara moja tu. Foleni ya mlangoni ikapungua daktari akiwa ni yuleyule mmoja! Ila angalieni, kazi imehamia kwa nesi, na yeye naye akizidiwa foleni inahamia kwake, na hilo modeli inakuonyesha pia.

Kwanini vitu vidogo hivyo vinaleta tofauti kubwa? Hesabu za foleni zinasema, mhudumu mmoja akitumia wastani wa dakika 10 kwa mtu, na watu wanafika bila mpangilio na muda wa huduma nao unapanda na kushuka, basi akiwa bize asilimia 80 ya muda wake mgonjwa anasubiri wastani wa dakika 40. Akifika asilimia 90 inakuwa dakika 90. Asilimia 95, dakika 190! Na hiyo ni hesabu ya wanaofika kidogokidogo, kwetu watu wanajaa tangu alfajiri na saa nane mabenchi matupu, ndo maana fomula peke yake haitoshi.

Mapungufu yapo. Haina picha, ni maandishi na namba tu, ukimwonyesha mganga mfawidhi hawezi kuona watu wakitembea. JaamSim nayo ni bure na inaonyesha picha zikisogea, kwa kikao ni nzuri zaidi, ila mimi nikitaka kujaribu mabadiliko mengi haraka narudi SimPy. Takwimu za kusubiri unajikusanyia mwenyewe kwenye programu unayoandika, na ile yield (neno la Python linalosimamisha hatua ya mgonjwa mpaka zamu yake ifike) inawasumbua sana wanaoanza. Halafu usiendeshe mara moja ukaamini, endesha siku hiyohiyo mara nyingi, kila mara kwa namba za kubahatisha tofauti, uone majibu yanacheza kiasi gani.

Gharama halisi iko kwenye data. Tulitumia kikaratasi, hakina jina, kina namba tu, mgonjwa anatembea nacho na kila dirisha linaandika saa aliyofika, saa aliyoanza kuhudumiwa na saa aliyotoka. Chukueni Jumatatu na siku tulivu pia, na siku ya kliniki ya wajawazito ikae peke yake.

Kabla hamjabadilisha lolote linganisheni modeli na vikaratasi kwanza. Kama modeli inasema watu wanasubiri dakika 40 na vikaratasi vinasema saa moja na nusu, basi kuna kitu hakijaandikwa, na mara nyingi ni mtumishi mnayemhesabu yupo kumbe asubuhi anaenda chanjo vijijini, au maabara inasimama umeme ukikatika. Wekeni hilo ndani, endesheni tena, zikikaribiana ndo muanze kuhamisha watu.