Uzoefu wangu na PeleLMeX: gridi inayoufuata mwali

Nianze na hukumu. Kama kazi yako ni kuiga mwako kwenye kompyuta, na mwali wenyewe unachukua sehemu ndogo tu ya chumba unachokiiga, programu iitwayo PeleLMeX inastahili kila saa utakayotumia kujifunza. Kama moto umetapakaa chumba kizima, gridi inayojirekebisha, yaani inayoweka seli ndogo (vijisanduku vya kukokotolea) pale tu zinapohitajika, haitakusaidia sana. Heri gridi ya kawaida yenye seli zinazolingana.

Sababu iko kwenye vipimo. Mwali wa methani na hewa, kwa mgandamizo wa kawaida wa angahewa, una unene wa karibu nusu milimita. Ndani ya unene huo joto linapanda hadi kupita kelvini 2,000, na radikali, vipande vya molekuli vinavyomenyuka upesi sana, zinazaliwa na kuteketea papo hapo. Ili uone yanayotokea humo, unahitaji kama seli kumi kukatiza unene huo. Sasa chukua mchemraba wa sentimita 4 kwa upande: seli za mikroni 39 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zitakuwa 1,024 kila upande, yaani zaidi ya bilioni moja kwa jumla. Na kila seli inabeba kasi, joto na kiasi cha kila kemikali: kemikali 21 ukitumia mfumo wa kemia (orodha ya kemikali na mimenyuko yake) uitwao DRM19, au 53 zenye mimenyuko 325 ukitumia GRI-Mech 3.0. Ukianza badala yake na gridi ya msingi ya seli 128 kwa upande, kisha ukaongeza ngazi tatu zinazogawa seli mara mbili kila upande pale tu mwali ulipo, mwali bapa ulio ndani ya ukanda wenye unene wa seli 40 utahitaji kama seli milioni 42 kwenye ngazi ya juu kabisa, yenye seli ndogo kuliko zote. Hiyo ni asilimia 4 ya ile bilioni. Mwali ukikunjamana eneo lake linaongezeka na faida inapungua, lakini bado inabaki kubwa.

Wazo hili si jipya. Marsha Berger na Joseph Oliger walilichapisha mwaka 1984, na mwaka 1989 Berger na Phillip Colella wakalitumia kwa mawimbi ya mshtuko. PeleLMeX inasimama juu ya AMReX, maktaba iliyokuzwa Lawrence Berkeley National Laboratory kule Marekani, na zote mbili ni programu huria. Ninachokipenda zaidi ni kwamba inatumia milinganyo ya mwendo wa polepole, ambamo mawimbi ya sauti yameondolewa. Mwali wa methani unasogea chini ya nusu mita kwa sekunde, ilhali sauti kwenye hewa baridi inapita mita 340. Bila sauti kukuburuza, hatua ya wakati, yaani muda ambao programu inausogeza mwigo kwa mara moja, inafuata kasi ya gesi yenyewe. Anayeiga mlipuko au wimbi la mshtuko anahitaji programu ndugu yake, PeleC.

Sasa nije kwenye kiini, yaani alama. Programu haijui mwali uko wapi; wewe ndiye unayeiambia, kwenye faili la mipangilio, ni seli zipi zigawanywe. Wengi hukimbilia joto, na kwa methani joto linatosha kwa kuanzia. Kwa hidrojeni nyembamba, yaani hidrojeni kidogo kwenye hewa nyingi, halitoshi: hidrojeni inapenya haraka kuliko joto linavyosambaa, mwali unajigawa vipande, baadhi vikiwaka kupita joto la kinadharia na vingine vikififia. Hapo mimi naweka alama kwenye radikali, mara nyingi OH pamoja na HO2, kwa sababu HO2 inaanza kuonekana mbele kidogo ya mwali, upande wa gesi ambayo haijaungua.

Upande huohuo ambao haujaungua ndio unaosahaulika, na naona ndio hatari kubwa kuliko zote. Ukiuacha na seli kubwa, mizunguko midogo ya msukosuko inafifia kabla ya kuufikia mwali. Picha inatoka nzuri, mwali laini, ngazi zote mahali pake, kumbe msukosuko uliofika pale umechujwa na gridi. Kwa hiyo naongeza alama ya pili inayofuata mizunguko mbele ya mwali, hata kama inanigharimu seli mara mbili. Nyuma, kwenye gesi iliyoungua, naacha seli ziwe kubwa kiasi. Mnato wa gesi ya moto umeshaizima mizunguko mingi midogo.

Ukanda wa ziada kuzunguka alama una kanuni rahisi. Gesi haivuki zaidi ya seli moja kwa hatua moja ya wakati, basi ukipanga gridi upya kila baada ya hatua tano, seli tano za ziada zinatosha. Watu huweka nyingi kwa woga na kupoteza nusu ya faida.

Mipaka kati ya ngazi imeshughulikiwa vizuri. Ngazi zote zinasonga kwa hatua moja ya wakati, na mtiririko kwenye uso wa seli kubwa unachukuliwa kutoka wastani wa seli ndogo zinazoigusa, hivyo masi haipotei mpakani.

Ugumu upo. Mfumo wa kemia unachaguliwa wakati wa kukusanya programu (compile), kuigeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeka, kwa hiyo kubadili mafuta ni kukusanya upya. Hakuna madirisha ya kubofya. Ni maandishi matupu, na matokeo unayafungua kwa ParaView au yt, programu za kuchora matokeo. Mtu aliyezoea programu za kulipia zenye menyu ajipe muda. Pia kemia ndani ya mwali ni nzito kuliko nje yake, kwa hiyo prosesa zilizopewa idadi sawa ya seli hazimalizi pamoja. Kabla ya kuomba muda kwenye kompyuta kuu, angalia kazi imegawanywaje, si seli tu.

Anayeanza achukue mfano wa FlameSheet uliomo ndani ya programu, auendeshe kwa ngazi mbili, kisha tatu, kisha nne, na kila mara apime kasi ya mwali. Kasi ikiacha kubadilika, ngazi zinatosha kwa kemia hiyo na mgandamizo huo. Ukipandisha mgandamizo mwali unakuwa mwembamba zaidi, na kipimo hicho kinarudiwa.