Uzoefu wangu na kipimo cha gesi kwenye maji ya rejeta: kimefaa kwa lori la dizeli, kwa masharti

Kipimo ninachokizungumzia ni bomba la plastiki lenye vyumba viwili, mpira wa umbo la pia upande wa chini, kipira cha kufyonzea hewa, na kichupa cha kimiminika cha buluu. Mpira hukazwa kwenye mdomo wa rejeta, kisha hewa iliyo juu ya maji hufyonzwa na kupitishwa ndani ya kimiminika hicho, ambacho kina bromothimoli ya buluu. Kemikali hiyo hubadilika rangi ikikutana na kabonidayoksaidi. Kama gesi ya mwako imepenya hadi kwenye maji, buluu hugeuka kijani na hatimaye njano. Nimekitumia kwenye lori la dizeli lililokuwa likipoteza maji bila kudondosha tone chini, na kimenisaidia sana. Ila maelekezo ya kwenye boksi yanafikiria zaidi injini za petroli, na mwenye dizeli akiyafuata neno kwa neno anaweza kuambiwa injini ni nzima ilhali gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo cha kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake, imeungua.

Dalili za lori hazikuwa nyingi. Oili haikuwa na rangi ya maziwa, yaani haikuchanganyika na maji, moshi mweupe ulikuwa kidogo tu asubuhi, na mshale wa joto ulipanda pale tu lilipobeba mzigo mlimani. Wengi huchomoa kijiti cha oili, wakikikuta safi wanaiondolea gasketi lawama, lakini gasketi inaweza kuungua kati ya silinda na njia ya maji peke yake, pasipo kuigusa njia ya oili, na hapo kijiti hakitasema lolote. Kilichonitia shaka ni hosi ya juu ya rejeta: injini ikiwashwa ikiwa baridi kabisa, baada ya muda mfupi hosi ilijaa na kuwa ngumu, hata vidole havikuweza kuiminya, ilhali bado ilikuwa baridi mkononi. Maji ambayo hayajapata moto hayana sababu ya kutanuka kiasi hicho, kwa hiyo kulikuwa na upepo unaosukumwa ndani.

Nilianza na pampu ya presha, na ningemshauri kila mtu aanze hapo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mfumo hujazwa presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, ambayo mara nyingi ni karibu na bar 1, kisha geji huachwa na kutazamwa. Mshale ulishuka polepole, na nje hakukuwa na unyevu popote, si kwenye hosi, si kwenye pampu ya maji, wala kwenye kipasha joto cha kabini. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya injini.

Ndipo nikafunga kipimo cha rangi. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa baridi, kwa kuwa chini ya presha ya bar 1 maji huweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa hapo maji hulipuka na kumuunguza mtu. Maji nayo yapunguzwe kina cha vidole vinne hivi, maana yakipata moto yatapanda, na tone la maji hayo ya rejeta likiingia kwenye kimiminika huiharibu rangi na kukifanya kisiaminike.

Injini ikinguruma bila mzigo, buluu ilibaki buluu, na hapa ndipo dizeli inapotofautiana na petroli. Injini ya petroli hutoa gesi yenye kabonidayoksaidi nyingi hata ikiwa imesimama, lakini dizeli isiyo na mzigo huvuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo, hivyo gesi yake huwa na asilimia chache tu. Nikafunga breki ya ekzosi, yaani ile inayoziba njia ya moshi, ambayo kwenye lori langu hufungika hata likiwa limesimama, na ambayo huilazimisha injini ichome mafuta zaidi ili isizime. Nikawasha pia taa na kipoza hewa. Nikaendelea kufyonza taratibu. Rangi ilianza kufifia pembezoni mwa chumba cha chini, ikawa kijani, kisha kijani kilichokaribia njano, na chumba cha juu nacho kikafuata. Kwa dizeli, kijani kinatosha kuwa jibu, wala si lazima kusubiri njano.

Jibu hilo lina mipaka, na fundi asilichukulie kuwa hukumu ya gasketi. Rangi husema kwamba gesi ya mwako imo ndani ya maji, haisemi imepita wapi: ingeweza kupita kwenye slivu ya nozeli (kijibomba kinachoizunguka nozeli ya mafuta ndani ya hedi) iliyolegea au kwenye hedi yenye ufa. Kinyume chake, mapovu yakiwa mengi huku buluu ikikataa kubadilika hata injini ikilemewa, lori lenye breki za upepo likaguliwe kompresa yake, yaani pampu ya upepo wa breki, kwa sababu nyingi hupozwa na maji ya injini, na gasketi yake ikiungua husukuma hewa safi kwenye rejeta. Kipimo hiki kinaweza kumwokoa mtu asifungue hedi bure, na kwangu hiyo ndiyo thamani yake kubwa kuliko zote.

Kwenye lori langu hedi ilifunguliwa, na kati ya silinda moja na tundu la maji ukingo wa gasketi ulikuwa mweusi na umelika. Hedi ilipimwa unyoofu kabla ya kufungwa gasketi mpya, na jaribio lilelile liliporudiwa chini ya mzigo, kimiminika kilibaki buluu.

Nina lawama moja kwa watengenezaji. Mpira wa pia haukai vizuri kwenye matangi ya lori yenye mdomo mpana wa kusokota, na hewa ya nje ikivutwa pembeni hupunguza nguvu ya gesi ambayo kwa dizeli ni chache tayari. Adapta za midomo hiyo zingepaswa kuwemo ndani ya boksi.