Kisu cha greda cha trekta dogo, nimetengenezesha kwa fundi Makambako, nimekitumia masika nzima

Tangu mwezi wa kwanza kila nikipita na trekta watu wananisimamisha, wanauliza hicho kidude cha nyuma nimekinunua wapi na shilingi ngapi, kwahiyo naandika mara moja ili anayetaka kutengenezesha asipoteze hela pale nilipopoteza mimi.

Shida yenyewe kwanza. Nalima parachichi na viazi huku Njombe, kutoka shambani mpaka barabara kubwa ni kilomita tatu kasoro, udongo mwekundu mtupu, haiko kwenye mtandao wa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ni njia yetu wenyewe wenye mashamba na hakuna wa kuichonga ila sisi. Mvua zikianza mwezi wa 11 mpaka wa nne Fuso haiingii, mzigo unatolewa kwa bodaboda kreti mbili mbili, na parachichi likishapigwapigwa njiani kwa nje unaliona zima, likianza kuiva ndo linatoa weusi ndani, mnunuzi analijua hilo anakukatia bei mzigo wote. Kukodi greda lenyewe ni habari nyingine, lile lina tani kama 15, linakuja juu ya loubedi, lile tela refu la kubebea mitambo, unalipia kuja unalipia kurudi kabla hata halijagusa udongo.

Mi nina katrekta ka Kubota kaliotumika toka Japani, farasi 24. Jembe kanavuta, tela kanavuta, nikajiuliza kwanini kasivute kisu cha kuchongea barabara.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea Makambako, jina siweki. Kazi ya mikono yake iko vizuri jamani, hilo nalisema wazi. Bamba la kusukumia udongo hakulikunja kwa nyundo kama wengine wanavyofanya, alitafuta bomba kuukuu la inchi 24 lenye unene wa milimita 8 akalipasua kwa urefu, ukapata ule mkunjo wa bakuli, na mkunjo huo ndo unaofanya udongo ujiviringe na kutoka pembeni badala ya kupanda juu na kumwagikia nyuma. Fremu ni skwea paipu ya 100 kwa 100. Katikati kaweka sahani ya kuzungushia yenye matundu, unachomoa pini unageuza kisu, kuna tundu la kunyooka, la nyuzi 15 na la nyuzi 30, kulia na kushoto. Usikubali mtu akutengenezee bila sahani hiyo hata akikupunguzia bei. Kisu kilichonyooka tu kinaburuza udongo mbele hakiupeleki popote, barabara inatengenezwa na kisu kilichokaa mshazari.

Sasa tulipokosana. Ule ukali wa chini, yaani sehemu inayokata, tulinunua kipande cha kisu chakavu cha greda kwa watu wa skrepa, chuma kigumu kweli, upande mmoja umelika upande wa pili bado mzima. Nikamwambia fundi hiki tufunge kwa bolti maana kina matundu yake tayari. Akanijibu "dada usiwe na wasiwasi, naichomelea mzunguko mzima, hata tembo hang'oi." Mi nikanyamaza, nikajua yeye ndo mwenye kazi. Siku ya tatu tu, karibu na kalavati, kisu kikagusa jiwe, nikasikia "ka!" kama sahani ya udongo imedondoka. Nikashuka nikakuta ufa umetembea pembeni kabisa ya mshono, mshono wenyewe mzima, chuma ndo kimepasuka. Na ndo tabia ya chuma kigumu cha namna ile, ukikipiga moto wa kuchomelea kikapoa ghafla, pale kando ya mshono kinakuwa kama kioo.

Kurudi sikugombana naye, nilimwonyesha tu. Akakiangalia muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akasema kazi ya kurudia haitozi ila chuma na bolti ninunue mimi. Nikaona ni haki. Safari hii tukatumia bolti zenyewe za greda, zile za kichwa kilichozama na shingo ya mraba, zinakaa kwenye matundu ya mraba ya kisu hazizunguki ukikaza nati kwa nyuma, na kichwa kinakaa sawasawa na uso wa chuma udongo haukwami. Mpaka leo kiko palepale, upande ukilika nafungua nageuza.

Kosa la pili ni pini za kufungia kwenye mikono ya haidroliki. Alikata nondo ya 20. Matundu ya mikono ya trekta hizi ndogo ni ya pini ya milimita 22 chini na 19 juu kwenye ile topu linki, yaani mkono wa juu wa katikati, kwahiyo nondo ikawa inacheza, na nondo sio chuma cha pini, wiki mbili ikapinda kama ndizi. Nikapeleka kwa mkerezaji akanitolea pini sahihi, shida ikaisha.

La tatu ndo linaloniuma mpaka sasa maana halirekebishiki. Upana. Kisu changu ni mita 1.5 na trekta kwa nje ya matairi ni mita 1.35, ukiangalia unaona kinatosha. Ila kigeuze nyuzi 30 upana unaobaki ni mita 1.3, tairi la nyuma linakanyaga pale nilipotoka kusawazisha, linaacha alama, na maji yanapenda alama ya tairi kuliko kitu chochote. Kinachouma zaidi, greda lenye kisu cha futi 12 linafungwa chuma cha kukatia vipande viwili vya futi sita sita, kipande tulichonunua kilikuwa kizima cha futi sita, yaani mita 1.83, tukakikata kwa grainda ili kilingane na bamba! Tungekiacha kama kilivyo ningekuwa namaliza mita 1.58 hata kikiwa kimegeuka.

Hela, kwa wanaouliza. Chuma chote 780,000, kisu chakavu 120,000, ufundi 350,000. Kurudia, kisu kingine 120,000 na bolti na pini 85,000. Jumla 1,455,000. Alisema wiki moja zikawa tatu, simu mara inaita mara haipokelewi, kwahiyo ukienda kwake nenda mwezi wa nane au wa tisa usisubiri mvua ziwe mlangoni.

Kazini sasa. Kinaweza, kabisa, ila kina masharti yake. Haidroliki ya trekta hizi inanyanyua, haikandamizi, kinachokibonyeza kisu chini ni uzito wake tu, na changu kina kama kilo 160. Udongo ukiwa mkavu wa mwezi wa tisa kinateleza juu kama mwiko kwenye sufuria. Nilijaribu kufunga mifuko miwili ya mchanga juu ya fremu, ilisaidia kidogo. Dawa ni kuingia siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini ukiukamua mkononi hautoi maji, hapo kinakata kama jibini.

Na mwendo uwe wa mtu anayetembea kwa miguu, gia ya chini kabisa. Vijana wanapenda kukimbiza, kisu kinaanza kurukaruka na kinaacha barabara imejikunja kama bati, mbaya kuliko ulivyoikuta. Tena trekta fupi kisu kiko nyuma kabisa, matairi ya mbele yakipanda tuta kisu kinazama, yakiingia shimo kisu kinapaa, lile greda kubwa kisu kiko katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma ndo maana linanyoosha. Mi nilirekebisha urefu wa topu linki kidogo ili kisu kising'ate sana, na napita mara sita, za kwanza nne mshazari nikitoa udongo pembeni kuuleta katikati, mbili za mwisho kisu kimenyooka natandaza. Njia nzima masaa manne na kitu, dizeli lita 13.

Cha muhimu ni mgongo wa barabara. Njia yangu ina mita nne, katikati nimeinua sentimita 10 kuliko pembeni, nilipima kwa uzi na pima maji kila baada ya hatua thelathini. Kabla ya hapo nilikuwa nafukia mashimo tu na kila mvua inayafungua palepale. Babu jirani yangu ndo aliniambia "mwanangu, we toka na mwavuli mvua ikiwa inanyesha uangalie maji yanapita wapi, usiangalie likitoka jua." Nilitoka kweli, nimelowa mpaka magoti, nikaona maji yanaingia njiani sehemu tatu tu, zote juu kwenye mteremko. Pale tukachimba michepuo kwa jembe la mkono kuyatoa pembeni, baada ya kukubaliana na wenye mashamba ya chini maana huwezi kumpelekea mwenzio maji kwenye viazi vyake. Bila ile michepuo kisu hiki ningekuwa namsingizia fundi tu.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, Fuso iliingia mpaka kwenye kibanda cha kufungashia ikatoka na mzigo bila kusukumwa. Mama yangu alitoka jikoni kuiangalia.

Fundi nampa nane kwa kumi, mikono yake mizuri, vipimo mpelekee wewe. Nimeshampa kazi nyingine, kisu cha futi sita bila kukata, na meno matano mbele ya kuchimbulia udongo mkavu. Kila kipimo nimekichora kwenye daftari, na umbali wa pini mbili za chini, sentimita 68, nimemkatia kijiti kabisa nikamwachia mkononi. Kasema Jumamosi.