Nililipia Kulinganisha T-55 na Centurion, Nikauziwa Kejeli

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na ninamwomba msomaji anivumilie, kwa maana fedha nilizolipa kwa siku moja ya kuendesha vifaru vya zamani hapa Uingereza hazikuwa ndogo, wala sikuzipata kirahisi. Kampuni yenyewe sitaitaja. Tangazo lao liliahidi kwamba mteja ataingia ndani ya vifaru viwili vilivyokutana vitani mara nyingi, T-55 cha Umoja wa Kisovieti na Centurion cha Uingereza, kisha mtaalamu atamweleza ubora na udhaifu wa kila kimoja. Anayetaka kujua unene wa chuma na kasi ya barabarani anaweza kuvisoma popote. Mimi nilitaka kujua mtu anakaaje mle ndani, anaona nini, na anachoka upesi kiasi gani.

Mtaalamu wetu alikuwa bwana mmoja wa makamo, aliyejitambulisha kuwa askari wa vifaru mstaafu. Alianza kwa adabu. Aliposikia kwamba ninatoka Tanzania, alikipiga T-55 kofi la ubavuni, akacheka, akasema mbele ya wateja wengine: “Hiki kilibuniwa kwa ajili ya wakulima wasiojua kusoma, ndiyo maana kiliuzwa sana kwenu.” Wawili watatu walicheka naye. Hakungoja jibu langu. Alitupa mgongo na kuanza kuisifu Centurion yake.

Sikwenda pale kutafuta ugomvi, lakini kauli ile iliniharibia siku nzima, na kadiri ninavyoikumbuka ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ujinga uliokuwamo ulizidi hata dharau yake. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipata kutoka China vifaru vya Type 59, ambavyo ni T-54 iliyotengenezwa huko, na T-54 ndicho kifaru kilichozaa T-55. Upande wa pili wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kati ya Tanzania na Uganda, majeshi ya Libya yaliyokuja kumwokoa Idi Amin yalileta vifaru vya ukoo huohuo hadi Lukaya, nchini Uganda, na havikuyasaidia kitu. Iwapo kifaru ni cha wasiojua kusoma na kila mwenye nacho ni mjinga, basi atueleze ni kwa nini mmoja alifika Kampala na mwingine akarudi mbio.

Tena bwana huyu aliisahau hata historia ya nchi yake mwenyewe. Mwaka 1956, wakati wa maasi ya Hungaria, raia waliiteka T-54 moja na kuiendesha hadi kwenye uwanja wa ubalozi wa Uingereza mjini Budapest, na Waingereza walipoichunguza waliingiwa na wasiwasi kwamba mzinga waliokuwa wakiutegemea haungelitosha kuitoboa mbele. Jibu lao lilikuwa kuingiza kazini mzinga wa L7 wa milimita 105, ambao waliufunga katika Centurion na ambao baadaye ulienea katika majeshi mengi ya Magharibi. Hiyo Centurion anayojivunia ilipata meno yake makali kwa hofu ya kifaru cha wakulima. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba muda wetu ni mfupi.

Haya, nikaingia T-55. Dereva hukaa mbele upande wa kushoto, na kulia kwake kumepangwa makombora pamoja na mafuta, mpango ambao huna haja ya kuelezwa ndipo uuogope. Kuna fimbo mbili za kuongozea: ukivuta moja hadi hatua ya kwanza, mnyororo wa upande huo hupunguza mwendo, ukifika hatua ya pili, husimama kabisa na kifaru hujipinda kwa kishindo. Unaondokea gia ya pili. Klachi inataka mguu wa beki wa kati. Hata hivyo, mara injini ile ya dizeli ya silinda 12 iliponguruma nyuma yangu nilisahau kwa dakika chache kwamba nimetukanwa, kwa sababu ile ni nasaba ya moja kwa moja ya injini iliyokuwa katika T-34, na mtu anayeipenda historia ya vita hawezi kuisikia akabaki vilevile. Kifaru hiki ni kifupi, kimejilaza chini, na adui anayekitafuta kwa darubini ana shabaha ndogo sana. Katika dakika zile ningeapa kwamba hakuna kifaru bora kuliko hicho kilichowahi kuundwa.

Kisha tukafika kwenye kona yenye matope na mnyororo wa kushoto ukatoka. Bwana yule, aliyekuwa amesimama juu akinielekeza, hakuuliza kama nimeumia. Alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia: “Mnaona? Chuma cha Kirusi, dereva wa Kiafrika.” Ninaliandika neno kwa neno ili anayetaka kupeleka fedha zake huko aelewe anachokinunua.

Aliyekuja kutuokoa alikuwa fundi mzee mwenye ovaroli iliyojaa grisi, ambaye alilala matopeni na mtaimbo wake pasipo kumlaumu mtu. Alipomaliza aliniita kando, akanionyesha gurudumu la mbele ambalo kwalo mnyororo hukazwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ulikuwa umelegea na ulipaswa kukazwa kabla ya mteja yeyote kupanda. Basi dosari ile haikuwa ya Urusi wala ya Afrika. Ilikuwa ya karakana ya kampuni, na tajiri wa kampuni anajua.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenipa somo ambalo nilikuwa nimelilipia. Aliniketisha mahali pa mpakia makombora katika T-55, kulia kwa mzinga, akaniambia nijifanye ninasukuma kombora ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu hulazimika kusukuma mzigo wa karibu kilo 30 kwa mkono wa kushoto, huku paa likimgonga kichwa na kifaru kikirukaruka. Ufupi niliousifu muda mfupi tu uliopita ndio unaomtesa. Isitoshe, kwa kuwa paa ni la chini, kitako cha mzinga hakina nafasi ya kupanda, na mzinga wenyewe hauwezi kuinama zaidi ya takribani nyuzi 5 tu. Mzinga wa Centurion huinama hadi nyuzi 10. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Juu ya kilima ndiyo inayoamua nani azikwe: mwenye Centurion hujificha nyuma ya ukingo akaacha mzinga na kichwa tu, ilhali mwenye T-55 lazima apande hadi tumbo lake lionekane ndipo apate kupiga chini.

Oktoba 1973, katika vita vya Israeli na Syria kwenye miinuko ya Golan, jambo hilo lilionekana wazi. Kikosi cha vifaru cha kamanda Mwisraeli Avigdor Kahalani, kikiwa na Centurion zilizojificha kwenye miinuko iliyotayarishwa mapema, kilizuia mawimbi ya T-55 na T-62 za Syria zilizokuwa zikipanda kutoka bondeni. Nikisema hivyo sharti niseme na hili, ambalo bwana yule alilikwepa kabisa: usiku Wasyria ndio walioona vizuri zaidi, kwa kuwa vifaru vyao vilikuwa na taa na darubini za miali isiyoonekana kwa macho, na Waisraeli waliteseka gizani. Halafu Centurion zile hazikuwa tena na injini ya petroli ya Waingereza. Waisraeli walikuwa wameing'oa na kuweka dizeli ya Kimarekani, maana injini ile, iitwayo Meteor, ilikunywa mafuta kupita kiasi, hadi Waingereza wenyewe walibuni trela la petroli la gurudumu moja la kukokotwa nyuma ya kifaru. Trela la petroli vitani!

Lakini nilipoingia Centurion, hasira yangu ilikosa pa kushika. Kuna nafasi. Kuna mahali pa kuweka kiwiko. Kuna hata chombo cha umeme cha kuchemshia maji, ili askari wapate chai bila kutoka nje na kupigwa risasi, na mtu aliyefikiria hilo alijua kwamba askari aliyechoka hukosea shabaha. Nilikaa pale nikakiri moyoni kwamba ningekuwa mimi wa kupigana siku 3 mfululizo, ningechagua hiki, petroli yake na uzito wake wa tani 50 na kitu vyote vikiwamo. Nilipotoka nikamkuta bwana yule akigawa karatasi ya takwimu yenye alama za ushindi, Centurion kushoto na T-55 kulia, nikabadili mawazo papo hapo: nchi isiyo na madaraja ya kubeba tani hizo wala fedha za petroli haitaiuliza karatasi ile. T-55 ndicho kingefika.

Nilikusudia kuwapa nyota moja, nayo ni kwa ajili ya fundi. Nimewaandikia kulalamika, wakanirudishia sehemu ya fedha pamoja na barua inayosema kwamba wanasikitika iwapo “mzaha” haukueleweka. Barua hiyo imenirudisha kwenye nyota sifuri. Hata hivyo anayevipenda vifaru hivi hana mahali pengi pa kuingia ndani ya vyote viwili kwa siku moja, kwa hiyo akiamua kwenda, apige simu kwanza aulize fundi yuko zamu siku gani, na kabla ya kupanda T-55 aombe mnyororo ukazwe mbele ya macho yake.