Tathmini ya kozi ya video kuhusu kumlea kwotabeki chipukizi

Kozi hii ya mtandaoni, iliyoandaliwa kwa makocha na mashabiki wanaotaka kuelewa namna timu za NFL, ligi ya kulipwa ya soka la Marekani, zinavyopaswa kumpokea kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa mwaka wa kwanza, inastahili ada yake hasa kwa sababu ya somo la kumlinda kwotabeki. Humo tunakumbushwa kwamba David Carr, kwotabeki aliyechaguliwa wa kwanza kabisa timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2002, aliangushwa na wapinzani kabla ya kurusha mpira mara 76 katika msimu wake wa kwanza na Houston Texans, kisha tunaonyeshwa hatua kwa hatua jinsi safu dhaifu ya mbele, yaani wachezaji wanaomkinga, inavyomzoesha kijana kuwatazama wanaomkimbilia badala ya wapokeaji wake. Natamani kila mmiliki wa timu alitazame somo hili kabla ya kumlaumu mchezaji.

Somo la matarajio nalo limetulia: mwaka 1998, msimu wake wa kwanza, kwotabeki Peyton Manning alirusha pasi 28 zilizonaswa na wapinzani, timu yake ya Colts ikashinda mechi 3 tu kati ya 16, lakini hawakumweka benchi, na msimu uliofuata walishinda 13.

Ninachotofautiana nacho ni msisitizo wa kumsubirisha kijana benchi kwanza. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alinufaika kukaa nyuma ya kwotabeki mzoefu Alex Smith mwaka 2017, ila alikuwa chini ya Andy Reid, kocha aliyebaki naye baadaye. Kozi inaligusa jambo hilo kwa sentensi moja, ilhali kijana anayebadilishiwa kocha kila mwaka hulazimika kujifunza mfumo upya hata akisubiri. Somo la mahojiano na wanahabari ni fupi mno, na kocha mwenye muda mchache anaweza kuliruka.