Jina la baba au la ukoo: lipi utumie chuoni?

Hapa Tabora mjadala huu hauishi, hasa kijana akianza kuandikia majarida ya kitaaluma. Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na mwaka 1970 akawa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitumia jina la baba yake. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyesoma Makerere, alibeba jina la ukoo, lililokwisha kutawala tangu karne ya 19.

Kwa gharama, jina la baba linashinda: mara nyingi ndilo lililoko kwenye vyeti. Ukitaka la ukoo ukubwani, jiandae kwa wakili, hati ya kubadili jina na foleni. Mimi niliishia njiani.

Kwa kutambulika, kibao kinageuka. Akina Hamisi na Ramadhani wako wangapi? Maandiko yako yatahesabiwa ya mwenzio. Ila ukoo mkubwa nao una wajina wake. Namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtandaoni cha mtafiti, tarakimu 16 na ni ya bure, ndiyo huwatenganisha.

Vyeti vyako vikishakubaliana, usiviguse. Chukua ORCID tu. Mtoto ambaye hajasajiliwa ni habari nyingine: huyo mwandikishe yote mawili.