Kushuka Inner Farne: tiketi mbili, saa moja na kofia ngumu

Boti za kwenda visiwa vya Farne huondoka Seahouses, bandari ndogo ya Northumberland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Kampuni ni kadhaa na mabango yao yanafanana, lakini safari hazifanani. Kabla hujalipa, uliza: boti inashusha abiria kwenye kisiwa cha Inner Farne, au inazunguka tu? Ya kuzunguka utaona sili na majabali yaliyopakwa chokaa ya kinyesi cha ndege. Ya kushuka utamwona pufini, ndege wa baharini, hatua mbili tu kutoka ulipo, visamaki vimening'inia mdomoni kama sharubu. Kuanzia Mei hadi katikati ya Julai, chukua ya kushuka. Ukienda Agosti utakuta mashimo matupu, pufini wameshahamia bahari kuu.

Tiketi ni mbili. Ya boti unailipa kampuni. Ya kukanyaga kisiwa unailipa National Trust, shirika linalomiliki visiwa hivi tangu 1925, na wanachama wake hawalipi. Watu wengi hujua hili wakiwa tayari kwenye foleni.

Anayetoka London ashuke treni Alnmouth au Berwick-upon-Tweed, kisha apande basi la X18 hadi Seahouses. Halafu atazame jedwali la maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 4. Maji yakipwa, ngazi za gati hurefuka na zile za chini huvaa mwani unaoteleza kama sabuni. Mkiwa na mzee au mtoto mdogo, chagueni saa ya maji kujaa.

Kushuka kunaweza kufutwa hata jua likiwaka. Upepo wa mashariki huacha mawimbi marefu yanayoendelea kupiga gati la kisiwa kesho yake, wakati Seahouses penyewe pametulia. Nahodha akikataa kushusha watu, ana sababu. Weka siku moja ya akiba badala ya kugombana naye.

Kisiwani unapata kama saa moja, na hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa. Unatembea juu ya njia ya mbao, hutoki nje yake. Pufini hutaga yai moja tu, ndani ya shimo kwenye udongo mwepesi. Mguu mmoja pembeni ya njia waweza kuangusha dari la shimo juu ya kinda. Ukikaa sana karibu na kiota cha membe wa Aktiki, ndege mwingine wa baharini, mama huruka, na shakwe hawahitaji dakika nyingi kula mayai.

Membe hao hawangoji mlinzi aje kukukanya. Wanashuka kutoka juu na kudonoa utosi mpaka damu itoke. Vaa kofia ngumu yenye ukingo. Kofia ya sufu haisaidii kitu, mdomo unapenya. Ukiwa huna, inua mkono wima juu ya kichwa na utulie, maana hushambulia sehemu iliyo juu zaidi. Usipunge mikono. Na umheshimu mshambuliaji: membe mmoja wa hapa aliyefungwa kifaa mwaka 2015 alizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Bahari ya Hindi, akafika Antaktika na kurudi, kilomita 96,000.

Kasoro zipo. Njia ni nyembamba, na mwenye lenzi ndefu akisimama, foleni nzima inasimama. Nenda kwanza mwisho wa njia, piga picha ukirudi. Lenzi ya milimita 300 inatosha kabisa. Mbwa haruhusiwi kushuka.

Wanaolalamika kwamba masharti yamezidi wakumbuke mafua ya ndege ya 2022, yalipookotwa mizoga zaidi ya 6,000 na kisiwa kikafungwa. Inner Farne ilifunguliwa tena 2024. Jirani yake Staple ikabaki imefungwa. Sensa ya 2024 ilipata takriban jozi 50,000 za pufini, habari njema. Mwaka huohuo Uingereza ilipiga marufuku uvuvi wa sandili, visamaki vyembamba vya mchangani wanavyolishiwa makinda, katika maji yake ya Bahari ya Kaskazini. Kwa sababu ya mafua hayo, safisha viatu kabla ya kupanda boti, na ukikuta ndege aliyekufa usimguse, mwambie mlinzi.

Alama zetu ni 4 kati ya 5, moja imepotea kwenye msongamano wa njia. Mwenye nafasi Novemba tu asisikitike: ndio msimu wa sili wa kijivu kuzaa, vitoto vyao vyeupe vimelala juu ya miamba, na safari nzuri wakati huo ni ile ya kuzunguka. Kofia ngumu iache hotelini, chukua ya sufu.